Wimbo Alioupenda Nyapara

Jamani, mdomo wangu huu! Mgodini kwetu Geita, bwana meneja alikuwa hatoki nyumbani kwake, na nyapara, mtu wa pwani, alituibia unga wa posho huku akitupiga mateke. Nikamtungia wimbo wa kazi kwa Kisukuma: "Tumbo la nyapara ghala, unga wetu umo humo." Lugha haijui, akaupenda mno.

Mtemi, chifu wa eneo lile, alipokuja kututembelea, nyapara akaniamuru niuimbe. Nami mjinga nikatanua kifua nikaimba, nikasahau kabisa kwamba mgeni ni Msukuma mwenzetu. Mtemi akacheka mpaka machozi, akauliza kwa Kisukuma, "Ghala lenyewe liko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mgodi mzima ukanyoosha vidole kwenye tumbo la nyapara. Nyapara alikuwa bado anakata kiuno.