Juu ya Baiskeli Hadi Uani kwa Mama

Siku ya kumi na mbili niliamka katika kijiji cha Sola nikijua kwamba jioni nitakula ugali wa mama. Magoti yaliyonililia Manyoni yalikuwa yamenyamaza tangu Singida. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Dodoma kwa pumzi yangu mwenyewe, na nilipanda baiskeli asubuhi ile kama mtu anayepanda kitanda chake.

Ilikuwa baiskeli ya gia, ya kupandia milima, tairi nene zenye meno. Ilikuja na kontena la mitumba miaka ile nchi ilipofungulia bidhaa za nje, tukaanza kuviona kwa macho vitu tulivyozoea kuvisikia tu. Baba, aliyesomba pamba kwa baiskeli nyeusi ya karia tangu kabla sijazaliwa, aliizunguka mara moja siku niliyoipakia juu ya basi kwenda Dodoma, ili niirudishe kwa miguu yangu.

"Hii haina mahali pa kufunga hata kuku," alisema.

Kisha akasema neno lililonisukuma njia nzima. "Wewe ni mtu wa kuanza. Ulianza ushonaji, ukaacha. Daftari zako za hadithi zote zinaishia katikati. Haya, ukiingia uani kwa mama yako ukiwa juu ya hiyo baiskeli, hujapanda lori wala basi, kaandike kitabu chako. Habari za chuo cha ualimu sitazitaja tena. Ukishindwa, utakwenda chuo."

Baba hakuwa mtu wa kurudia neno, wala wa kulirudisha.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mimi ni mtoto wa mbuga na nilipaswa kujua udongo wake unavyonata ukilowa, lakini siku kumi na moja za barabara kavu zilikuwa zimenitia kiburi. Niliingia kwenye udongo mweusi kwa kasi, nikiimba. Sikufika mbali. Meno ya tairi, yale yale niliyojivunia, yaliubeba udongo na kuusindilia kwenye uma na breki mpaka magurudumu yakagoma kabisa. Nilikwangua kwa kijiti, nikasogea hatua kumi, yakagoma tena.

Lori la mfanyabiashara likaja likinguruma kwa gia ya kwanza, limejaa marobota ya nguo kwa ajili ya mnada wa Bariadi. Dereva akatoa kichwa.

"Dada, rusha hilo dude juu, twende."

"Nashukuru, kaka. Nitafika."

"Utafika na nini? Hilo limeshakufa."

"Limelala tu."

Akacheka, akaondoka, na harufu ya dizeli ikabaki na mimi. Hakuna mtu yeyote aliyekuwa ananitazama. Ningeweza kupanda, nikashuka kilomita moja kabla ya nyumbani, na baba asingejua. Lakini mimi ningejua, na kitabu kile ningekiandika kwa mkono gani?

Nikaibeba begani. Mbele kidogo, upande wa kushoto, mama mmoja alikuwa akipalilia pamba changa. Akasimama, akaegemea jembe.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. We mwana, tangu lini baiskeli ikapanda mtu?"

"Tangu leo asubuhi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akanionyesha kwa mpini wa jembe. "Acha njia. Njia ni ya ng'ombe na malori. Pita kwenye majani ya pembeni, yatakusafishia magurudumu."

Ndivyo ilivyokuwa. Majani yenye maji yalilamba udongo kwenye tairi kama ng'ombe anavyomlamba ndama, na kufikia saa nane jua lilikuwa limeukausha mgongo wa barabara. Nilikanyaga pedali. Gia ziliitika moja baada ya nyingine. Mapaa ya bati ya Bariadi yakaanza kumetameta, nikaukata mji bila kupunguza mwendo, nikakunja kwenye njia yetu, na mlima mdogo wa mwisho niliupanda nimesimama, huku nikiona tayari moshi wa jiko la mama.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amekuja kunisubiri njiani, hatua kama mia mbili kutoka nyumbani, kofia mkononi.

Kwetu mtu hamwamkii mzazi akiwa juu ya baiskeli. Hata mlevi hushuka. Na mtoto wa kike hupiga goti. Niliona ua wetu nyuma ya bega lake, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu kuku, na nikajua kwamba nikishuka pale kumwamkia, itanibidi niikokote baiskeli nikifuatana naye hadi nyumbani, na sitakuwa nimeingia juu ya kitu chochote. Mikono ikafunga breki kabla sijamaliza kufikiri. Nikashuka, goti langu likielekea chini.

"Mwadila, ba..."

"Nani huyo?" baba akauliza. Alikuwa amenigeuzia mgongo. Alikuwa akiitazama pamba ya jirani kwa makini sana, kama mtu anayetafuta wadudu. "Nasikia kama kuna mtu njiani. Mimi sijamwona mtu. Namsubiri binti yangu, nimeambiwa anakuja na baiskeli, sasa huyu aliyesimama chini sijui ni wa nani."

Nilibaki na goti hewani.

"Kama ni mpita njia," akaendelea, bado akiiambia pamba, "apite."

Nikapanda. Nilimpita nyuma ya mgongo wake bila salamu, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu, na nikaingia uani katikati ya kuku waliotawanyika, nikamzunguka mama na ndoo yake ya maji mara mbili kabla ya kuweka mguu chini.

Baba alifika polepole, kofia imerudi kichwani. Akainama, akabandua kipande cha udongo mweusi kwenye uma, akakivunja kwa vidole.

"Huu wa Sola," alisema. Kisha akanitazama, akasubiri.

Nikapiga goti. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Umefika lini?"