Kuba la Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na msinielewe vibaya, kunyoa anajua. Kichwa kinaingia pale kina mabonde na vichaka, kinatoka kimelainika. Tatizo ni hicho chake mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huyu wetu hata hajitazami.

Banda lake lina kiti kimoja cha ofisini, cha magurudumu, alichookota mahali. Mbele ya kiti kuna kioo kikubwa kilichopasuka pembeni, na nyuma ya kiti, ukutani, kabandika kurasa zote za kalenda moja ya zamani ya kampuni ya rangi. Tarehe zimekufa zamani, picha ndizo zilizobaki, na kila picha ni jengo. Hekalu la nguzo. Msikiti wa vigae vya buluu. Kanisa lenye minara kama mishumaa iliyoyeyuka. Nyumba ya mtu mzima na akili zake iliyojengwa kwa umbo la konokono, na nyingine kama kichuguu. Basi ndugu yangu anasimama kutwa nyuma ya kichwa cha mtu, mashine mkononi, macho kwenye kioo, anatazama majengo ya dunia yamegeuzwa, kulia kushoto, kushoto kulia. Mtaa mzima unamwita Kalenda. Akiitwa hivyo ananyoosha shingo, anadhani kasifiwa.

Siku moja alikuja kwangu amevaa shati la kwendea posa, akakaa mbele ya mama. Mama alikuwa akiishi kwangu, sebuleni, kwenye kochi refu, nyuma ya pazia la shuka. Miguu ilimvimba, na maradhi yalipompitia yaliondoka na sauti yake, ikabaki nyembamba kama ya kifaranga. Na nyumba yangu mimi ina watoto, ina runinga, ina mume anayepiga chafya mpaka mabati yanatikisika. Nani angemsikia? Nikampa kijiko na kikombe cha bati. Akitaka maji, ngo ngo. Akitaka choo, ngo ngo ngo. Nilimwogesha, nikamlisha, nikambeba mgongoni, halafu sifa zote zikaenda kwa nani? Kwa Kalenda, anayekuja Jumapili na peremende mfukoni!

"Mama," akasema, "nakujengea chumba chako. Uje ukae kwangu."

Mama alilia kwa furaha, na tangu siku hiyo hakuomba kingine. Asubuhi ngo ngo, nakimbia nikidhani ni choo, kumbe anataka kuninong'oneza sikioni: "Wamefika wapi?" Alitaka alale kwa mwanawe wa kiume kabla hajaondoka duniani, basi. Husemwa mtoto akililia wembe mpe. Lakini hapa aliyelia alikuwa mama, na mwenye wembe alikuwa mwehu.

Mtu mwenye akili timamu angejenga chumba. Kuta nne, dirisha, bati, mama aingie. Kalenda? Thubutu! Alianza na jiko. Wifi yangu, mkewe, mwanamke mpole hadi anaudhi, alikuwa na jiko lake la mabati lisilo na neno. Mume akalibomoa, akamjengea kichuguu cha udongo. Eti kichuguu kinapumua chenyewe, hewa baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu. Kwenye picha, labda. Kwa wifi moshi uliingia chini ukatokea machoni mwake. Nilimkuta kapiga magoti kwenye kitundu cha mlango, anapuliza kuni.

"Wifi, unalia?"

"Ni jiko, wifi."

"Si jiko, ni mume."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampelekea maji.

Baada ya kichuguu zikaja nguzo mbili nene mbele ya nyumba, ambazo hazibebi kitu. Wifi alifunga kamba kati yake akaanikia nguo, na hiyo ndiyo kazi pekee nguzo zile zimewahi kufanya. Na mama kule kwangu anafifia. Uji anaacha nusu, anauliza wamefika wapi. Niliogopa atanifia kwenye kochi akingoja, na hofu hiyo ilinifanya nimchukie ndugu yangu wa tumbo moja, naapa.

Hatimaye chumba. Kalenda akamleta fundi hadi bandani, akamkalisha kwenye kiti, akamwonyesha ndani ya kioo picha ya jengo jeupe lenye kuba kubwa katikati na maji mbele yake. Lilikuwa zuri kweli, sitalisingizia kwa sababu ya hasira. Fundi, mtu aliyezoea mabanda ya kuku, akakuna kichwa.

"Kuba, bosi? Kwa chumba kimoja?"

"Kwa mama mmoja," akajibiwa.

Mnayasikia maneno hayo? Kuba likaanguka likiwa bichi. Likajengwa, likaanguka tena. La tatu lilisimama, limelalia upande kama kofia ya mlevi, wakalipaka chokaa upesi kabla halijabadili mawazo. Mbele wakachimba kidimbwi, na vyura wakahamia kabla ya mwenye chumba.

Siku ya kumhamisha mama nilipitia bandani kuchukua kile kiti cha magurudumu, maana miguu yake haikuwa ya kutembea. Banda lilikuwa tupu. Sikuangalia kioo, mimi si mjinga wa vioo, nikaangalia ukuta wenyewe, na ile picha ya jengo jeupe ikawa mbele ya pua yangu. Chini yake palikuwa na maandishi madogo. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikakaa kwenye kiti nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaibandua ile karatasi nikaitia kifuani.

Majirani walijaa. Tukamsukuma mama hadi ukingoni mwa kidimbwi, na Kalenda akasimama mlangoni kifua mbele.

"Mama, karibu nyumbani kwako."

"Ngoja kwanza," nikasema, nikatoa karatasi. "Tusomee hapa chini, bwana mjenzi. Kwa sauti."

Akaipokea, akasoma kwa sauti kama nilivyomwambia. "Kaburi la mke wa mfal..."

"Malizia! Umemjengea mama kaburi, na mama mwenyewe huyu hapa anapumua! Miaka yote unalitazama kwenye kioo, maandishi yamepinduka, hukuwahi hata kugeuza shingo?"

Maneno hayo nilikuwa nayo kooni tangu tukiwa wadogo, na utamu wake msiniulize. Watu waliguna. Wifi alijifunika uso kwa kanga. Kalenda akaiokota nyundo ya fundi iliyokuwa kando ya mlango.

"Nalibomoa, dada. Leo hii nalibomoa."

Mama akanivuta mkono. Nikainama, maana ni sikio langu peke yake lililozoea ile sauti, na ikawa lazima kinywa changu kiseme maneno yake.

"Mama anauliza, huyo mke wa mfalme alijengewa akiwa hai?"

"Hapana," Kalenda akasema. "Imeandikwa alikuwa ameshakufa. Mfalme alimpenda sana."

Mama akaninong'oneza tena. Nikajifanya sikusikia. Akanifinya.

"Mama anasema," nikasema, na kila neno lilinikwaruza, "basi yeye kampita malkia. Malkia hakuliona lake. Anasema weka nyundo chini, umwingize ndani."

Tukamlaza. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri, mwanga ukishuka kutoka kitundu kimoja cha juu. Nikafyonza, na kuba likafyonza. Nikasema chini chini, "Mwehu," na kuba likanirudishia, mwehu, nami nikatoka kwa hasira. Wifi alikuwa anapakua chakula, lakini sikutaka chakula cha kichuguu. Nilipita kidimbwi, nikapita nguzo, nikawa naifikia njia.

"Kibibi!"

Nikasimama. Hilo ni jina langu la utotoni, na hakuna aliyebaki wa kuniita hivyo ila mmoja. Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, mama kalala chali, hajainua hata kichwa. Kuba lilikuwa limeichukua ile sauti ya kifaranga likaitoa nje nzima nzima, kila mtu uani akaisikia.

"Kibibi, tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Rudi ule, mwanangu."

Nililia mbele ya majirani, na mbele ya Kalenda, ambaye mpaka leo namwita mwehu na nitamwita hivyo hadi nife. Miaka yote kwangu mama aliniita kwa kijiko, kumbe jina langu alikuwa nalo mdomoni. Nikarudi, nikala.