Dume Nalo Lipimwe

Juzi nilikuwa Kikula kwa daktari wa mifugo, napanga foleni ninunue dawa ya kupe. Mbele yangu alisimama bwana anayezalisha mbwa wa kuuza. Mkewe, kando yake, alishika kamba ya mbwa jike, macho chini.

"Dokta, hii imbwa haizalake," bwana akasema.

"Inakulaka nini?"

"Chakula ya kuku ya mayayi." Akaeleza bila haya: kuku akila hiyo anataga kila siku, mbwa atashindwaje?

Daktari akavua miwani, akaifuta polepole. "Papa, ile chakula iko na chokaa mingi, juu ya kutengeneza ganda ya yayi. Imbwa haitagake. Chokaa ikizidi inazuiya madini ingine mu mubili, na uzazi inaweza kuharibika. Muipatie bukari ya unga ya mahindi, samaki na nyama kidogo. Na dume, inakulaka nini?"

"Ile ile. Lakini dume haina shida."

"Nani aliipima?"

Bwana akageuka kumtazama jike.

"Kesho mulete yote mbili. Miye sipimake jike peke yake."

Hapo mke akainua macho. "Dokta," akasema taratibu, "hiyo maneno ukuye kwetu kuiambia mama mukwe wangu."

Foleni nzima tukaelewa kwamba habari ya mbwa imekwisha. Bwana akaanza kusoma maandishi ya kopo la dawa ya minyoo.

Nasikia kesho yake dume lilipelekwa. Mjini kwetu wapo wake wengi ambao bado wanangojea bahati ya jike yule.