Jiko Halikuwemo

Kila ninaposikia harufu ya majivu yaliyolowa, namwona baba akichora nyumba yetu mpya ardhini, kando ya migomba, akimwaga majivu kwa mkebe. Sebule pekee ilimeza nusu ya kiwanja.

Mama aliizunguka michoro ile. “Sasa jiko liko wapi?”

“Litabaki nje, kule kwa ng’ombe. Nikiliingiza ndani, wageni watakaa wapi?”

“Na mimi nivute moshi mpaka lini?”

Mama akafuta ukuta wa sebule kwa mguu, akachora chumba kidogo cha jiko. Baba akaurudisha ukuta.

Sebule ilijengwa alivyotaka. Siku wageni walipokuja kuibariki nyumba, walikaa wote wakaenea. Mama alikuwa nje, amepiga magoti, anapuliza moto.