Nyumba Iliyorukwa

Mtaa mzima ule wa mlimani, katika mji wa Aizawl huko India, unamjua Mama Hminga kwa kikapu chake. Kila Jumamosi, mwaka wa kumi na tisa sasa, hupita mlango kwa mlango na mwenzake Thanpari kukusanya mchele wa kanisa. Kwao mwanamke habandiki sufuria kabla hajachota konzi moja ya mchele na kuiweka kando kwa ajili ya Mungu, asubuhi na jioni. Mwenye kikapu akishaupokea, huitaja nyumba ile kwa jina na kuiombea baraka.

Basi tangu Ruata atoke gerezani, Mama Hminga akawa anairuka nyumba yake. Ruata ndiye aliyeendesha lori amelewa, akamgonga na kumuua Hminga, mtoto wa pekee wa mama huyu, kwenye kona ya soko. Mchele wake angeubeba, mchele ni mchele. Kumwombea baraka mtu yule, hapo ulimi uligoma, na nani angemlaumu?

Thanpari alimlaumu. Mdomo wa Thanpari hauna breki.

"Mwezi wa pili huu unaniambia hawapo. Jana nimemwona mkewe anaanika nguo!"

"Basi kapokee wewe."

"Mimi mbeba gunia tu, mwenzangu. Mwenye kikapu ni wewe. Tena juzi ulisimama mbele ya kina mama ukatuambia Mungu anaupenda ulimwengu wote. Kumbe ulimwengu wako umepungua nyumba moja!"

Mama Hminga alinuna, akashuka ngazi. Lakini neno lilikuwa limemchoma. Alipofika kwa Ruata, akabisha.

Siami, mke wa Ruata, alifungua, akarudi ndani mbio. Akatoka na kopo lililojaa mchele, kisha sufuria iliyojaa, kisha foronya ya mto iliyofungwa kwa kamba. Wiki nane za konzi mojamoja, katika nyumba ambayo mboga yake mara nyingi ni chumvi.

"Tulijua hupiti kwetu, mama," Siami alisema. "Nilitaka tuupeleke kanisani wenyewe. Ruata akakataa, eti utaona tunakushtaki kwa wazee."

Ruata alikuwa nyuma yake, kichwa chini. "Mama Hminga, chukua tu mchele. Usituombee. Mimi sistahili."

Jina la mwanawe kinywani mwa mtu huyu! Hasira ilimpanda Mama Hminga mpaka masikio yakawaka. Na njia ya kukwepa ndiyo hiyo, imefunguliwa na mkosaji mwenyewe. Angeweza kuchukua foronya akaenda zake.

"Nyamaza," alisema. "Kwani nani kakuuliza kama unastahili? Baraka si yangu. Ingekuwa yangu, usingepata hata punje."

Akafumba macho. Tangu ajali ile, miaka minne, hakuwahi kulitamka jina la mtu yule.

"Bwana aibariki nyumba ya Ruata."

Siami akaitikia Amina. Ruata akaketi kizingitini akilia kama mtoto.

"Mimi sijakusamehe," Mama Hminga akamwambia. "Nataka ujue."

"Najua, mama."

"Mungu amekupenda, hilo ni lake, siwezi kumzuia. Mimi bado. Jumamosi nitapita tena."

Akaumimina kikapuni mchele wa kopo na wa sufuria, akaitupia foronya begani, akapanda ngazi kumfuata Thanpari, machozi yakimtoka mbele za watu, wala hakujifuta.