Asante Bila Namba

Siku ya kwanza kazini pale Changamwe, Meneja alinipa fagio kisha akanipa hotuba. Akarefusha shingo kama bata: "Bi Kadzo, huku ndani twalinda milango isiyoonekana. Usiguse waya." Nikamwambia haya bwana, nikashika ndoo. Sikusoma mimi, lakini masikio ninayo, na kazi ya wale watu niliijua kwa kuisikia.

Ofisi ilikuwa na tovuti ya vibarua. Kijana ajaza jina lake, akifaa apigiwa simu. Mbele ya tovuti pana fayawoli, yaani mlinzi asiye na mwili, amtazama kila anayebisha. Wa kumpa amri ni Fundi Mkuu, mtu wa bara, aziandika kwa mkono kwenye kioo cheusi, hakuna picha, hakuna cha kubofya.

"Mathee," aniambia, sauti yatokea puani, "nikimwambia pitisha, anapitisha. Nikimwambia kataa, anakataa. Lakini mwizi ukimkataa anajua, anarudi na njia ingine. Huyu nampatia jibu tamu." Akawa aandika huku ajisomea: "Asante. Ombi lako limepokelewa." Mwenye haki apata asante na namba ya ombi lake. Mwizi apata asante tupu, aende zake adhani ameingia, na alichoandika chatupwa. Tukacheka sote. Nikamwongezea chai.

Masika yale mwanangu Kazungu alikuwa aomba kazi kwenye tovuti ile ile. Atoka kwetu Mjambere, aenda saiba ya Junda, kile kibanda cha kompyuta za kukodi, arudi na matope hadi magotini, uso wamng'aa. "Wamepokea, Mama." Simu haitoki mkononi, hata msalani aenda nayo. Mvua zikaisha, hakupigiwa. Jioni moja nikamuuliza, hebu, wakujibu vipi hasa?

"Asante. Ombi lako limepokelewa."

"Na namba?"

"Namba gani, Mama?"

Asubuhi sikushika ndoo. Nikamwendea Fundi. "Yule mwizi wako ni mwanangu."

Akanihoji, kisha akageukia kioo chake cheusi. Saiba nzima yatumia laini moja ya mtandao, akasema, kwa hivyo fayawoli yaona mtu mmoja abisha mara mia, yamdhania mwizi. Akaandika mstari mmoja tu. "Nimewafungulia."

"Na walioomba kabla ya leo?"

"Hao hawakuandikwa popote, mathee. Na vibarua washachukuliwa."

Meneja naye, shingo ile ile: "Bi Kadzo, mfumo ulifanya kazi yake." Na kweli uliifanya.

Sasa nimestaafu, niko kibarazani, nawaigizia nyinyi wajukuu Meneja na Fundi, mwacheka mwashika mbavu. Kazungu hacheki. Nilimwambia yote, sikumficha. Juzi nikamwita: mwanangu, jirani asema watakiwa watu kule Likoni, nenda ukaulize. Akanitazama, akanijibu taratibu, sauti haina joto wala baridi, "Asante. Ombi lako limepokelewa," akageukia ukutani.

Sauti za wote naziweza. Hiyo aiweza yeye kunishinda.