Kona ya Arobaini na Moja

"Shoga, lisemwalo lipo," alisema fundi cherehani, uzi ukimning'inia mdomoni. "Mama Kona kazika kitu msituni. La sivyo, mbona njia inazidi kupinda kila mwaka? Zamani nilifika pwani chai ya chupa ingali inaunguza. Siku hizi nafika imekuwa maji ya kuoga!"

Jirani yake, mke wa fundi wa injini za boti, alicheka tu. Akamfunga mwanawe mgongoni, akachukua chakula cha mumewe, akashika njia ya msituni. Kila mchana alipita huko, na kona hazikumchosha. Mtoto ndiye aliyezipenda hasa. Wakifika kwenye kona anajirusha huku na huku, kama yuko kwenye bembea.

Alimkuta Mama Kona ameinama na reki, anakusanya majani makavu. Ujana wake wote mama huyu aliumalizia kwenye kiwanda cha mbao, akiwapikia chai wapasuaji. Msitu mzima ulipita mbele ya jiko lake, gogo kwa gogo, mpaka siku moja hakukuwa na gogo la kupita. Kiwanda kikafungwa, na kutoka pale hadi baharini yakabaki majani matupu. Kisha ndege wakaleta mbegu, miche ikajiotea, na ofisi ya misitu ikamwajiri afyeke njia. Wenzake hufyeka kwa kuvuta kamba, njia inyooke. Yeye akikuta mche katikati ya njia, huufunga utepe mwekundu, kisha huipindisha njia. "Mti hauna miguu," husema, "wewe unayo." Miti ya kona za mwanzo sasa ina vivuli vya kupumzikia watu watano.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba! Kumbe ni wewe, mwanangu." Siku hizi alikuwa hamtambui mtu mpaka aseme, na mama mtoto alikuwa ameliona hilo, akalinyamazia. "Kesho bwana misitu anakuja. Watu wamelalamika njia ndefu. Nitatembea naye njia nzima, nimwonyeshe mti wa kila kona. Akikuta hata kona moja ya bure, analeta trekta, njia yote inanyooshwa."

"Na miti?"

"Trekta linajua mti?" Akamshika mkono. "Njoo kwanza umwone kitinda mimba wangu, kona ya arobaini na moja."

Mche ulifika magotini, umefungwa utepe, umezungushiwa mawe kama mtoto wa mfalme. Siku zote mama mtoto aliupita tu; leo akautazama. Akautazama tena.

"Bibi, huu si mti wa msitu. Huu ni mpapai."

"Mpapai?" Mama Kona akainama mpaka pua ikagusa jani.

"Mpapai mtupu. Tena nadhani wenye kosa ni sisi. Mwaka jana huyu wa mgongoni alitema mbegu za papai njia nzima."

Mabega ya Mama Kona yakaanza kutikisika. Mama mtoto akadhani analia, kumbe kicheko kimemkaba.

"Yaani," alisema akijifuta machozi, "miezi sita nimewazungusha watu na mizigo yao kichwani, kwa heshima ya papai!"

Wakacheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua anachochekea. Wakaung'oa mche na udongo wake, wakaunyoosha mzunguko ule kwa reki, wakafunika kona kwa majani. Zikabaki arobaini.

"Nitaupanda chini ya dirisha la fundi cherehani," alisema mama mtoto. "Aone mwenyewe kilichozikwa msituni."

Mama Kona akaukunjakunja ule utepe mwekundu.

"Macho haya yana ukungu tangu mwaka jana. Nilimficha kila mtu, hata nafsi yangu niliificha."

"Ukapimwe, Bibi. Nitakupeleka mimi."

"Jumatatu nitakwenda, na bwana misitu nitamwambia mwenyewe. Lakini kesho kwanza aione miti." Akauweka utepe kiganjani mwa mtoto, naye akaufumbata. "Nisaidie kitu kimoja, mwanangu. Kesho tembea mbele yetu na huyu mgongoni, kama unampelekea mumeo chakula. Ukiona mpapai mwingine, kohoa."